SOMO: Kumtafutia mtoto sekondari ya lugha mbili Uholanzi bila kufilisika

Naandika mara moja ili anayeniuliza nimtumie hapa. Mwezi huu pekee nimekaa kwenye makochi ya watu watatu, sambusa mkononi, narudia yale yale: "Kaka, shule ya Kiingereza ya bei nafuu ni ipi?" Swali lenyewe limekaa upande. Tutafika.

Nazungumzia Uholanzi tu, ninakoishi. Walio Ujerumani na Ubelgiji msinakili.

1. Mtoto akifika, mwandikishe manispaa apate BSN, namba ya utambulisho ya hapa.

2. Jua unachagua kati ya nini na nini. Shule binafsi za kimataifa: nyingi ni yuro 20,000 kwa mwaka na kuendelea, tuwaachie wanaolipiwa na kampuni. Shule za kimataifa zenye ruzuku ya serikali: nafuu kuliko hizo, ila bado ni maelfu, na lazima uonyeshe kwamba kazi yako hapa ni ya muda. Ukishajichimbia na mkataba wa kudumu, mlango huo unakuwa mwembamba. Halafu kuna tto, yaani *tweetalig onderwijs*: sekondari ya kawaida inayolipiwa na serikali, inayofundisha sehemu ya masomo kwa Kiingereza. Hapa ada hakuna. Kuna mchango wa wazazi, mara nyingi yuro mia kadhaa kwa mwaka, na ni wa hiari kweli. Tangu Agosti 2021 sheria inakataza kumtenga mtoto kwa sababu mzazi hajalipa. Mkishindwa, semeni mapema, wengi hukubali mlipe kidogo kidogo.

3. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo someni polepole.

Tto si Kiingereza badala ya Kiholanzi. Ni Kiingereza juu ya Kiholanzi. Kwa vwo, yaani ngazi ya sekondari inayoelekea chuo kikuu, angalau nusu ya vipindi katika miaka mitatu ya kwanza ni kwa Kiingereza. Nusu iliyobaki je? Na mtihani wa taifa wa mwisho ni ule ule wa Waholanzi wote, kwa Kiholanzi.

Mimi nilimleta kijana wangu kutoka Dar akiwa na miaka 12, katoka inglishi midiamu, ripoti zimejaa A. Usaili ukafanyika kwa Kiingereza mwanzo mwisho, akawachekesha mpaka walimu. Wakaniuliza, Kiholanzi anajua? Nikajibu, "Anajifunza." Alikuwa na programu kwenye simu, wiki ya tatu. Uongo wangu ule umemgharimu yeye, si mimi.

Mwezi wa kumi na moja nikamkuta mezani kainamia karatasi ya msamiati wa Kifaransa. Kushoto Kifaransa, kulia maana yake kwa Kiholanzi. *Le vélo – de fiets*. Akaniambia, "Baba, upande wowote siujui." Alikuwa anakariri maumbo ya herufi. Januari tukamhamishia ISK, madarasa ya wageni wa miaka 12 hadi 18 wanaojifunza lugha kwanza. Aliingia analia, kwamba kashushwa. Alipotoka akapokelewa mwaka wa pili wa havo, ngazi iliyo chini kidogo ya vwo.

Kwa hiyo:
- Mtoto aliyesoma msingi hapa hapa: tto inamfaa.
- Mtoto anayetoka nyumbani moja kwa moja: ISK kwanza. Usidanganye kwenye usaili.
- Usikubali jibu la "ataokota lugha." Uliza nani atamsaidia, siku gani, saa ngapi.

4. Kalenda. Siku za milango wazi ni Januari na Februari. Nenda na mtoto. Mtihani wa darasa la nane la hapa, la mwisho la msingi, unafanyika kipindi hicho hicho, ushauri wa mwisho wa shule ya msingi kuhusu ngazi ya sekondari inayomfaa mtoto unatoka kufikia Machi 24, kujiandikisha ni Machi 25 hadi 31. Ukichelewa, nafasi unazokuta ni zilizobaki. Amsterdam kuna bahati nasibu, kwa hiyo andika orodha ndefu ya shule.

5. Gharama zisizoitwa ada: laptop, kikokotoo, safari ya nje, baiskeli. Vitabu ni bure. Posho ya watoto inaingia kila miezi mitatu, msiile yote. Wenye kipato kidogo waulizie Stichting Leergeld, shirika la hisani, husaidia hata baiskeli.

MASWALI

Mama Shani: Asante kaka. Wangu ana miaka 14, yuko Mwanza, anakuja Agosti. Nimpeleke tto moja kwa moja?

Jibu: Hatua ya 3.

Mama Shani: Nimesoma, ila huyu anaongea kama Mwingereza kabisa.

Jibu: Wangu pia aliongea hivyo. ISK, mama.

Mzee wa Rotterdam: Kwa hiyo watoto wetu hawawezi? Wa kwangu aliingia tto bila ISK na leo yuko chuo kikuu.

Jibu: Alikuja na umri gani?

Mzee wa Rotterdam: Miaka sita.

Jibu: Basi mzee wangu alisoma msingi hapa. Tunasema kitu kimoja.

Nuru: Binti yangu yuko darasa la saba la hapa, mwalimu anadokeza havo. Nilidhani tto ni ya vwo tu. Na nitajuaje shule ipi ni nzuri kweli na ipi inajipamba?

Jibu: Maswali ya mtu aliyefikiri haya. Tto ya havo ipo, hata ya vmbo, ngazi ya kuelekea mafunzo ya ufundi, ipo, ila ni chache, anza kutafuta sasa. Tafuta pia shule yenye mwaka wa kwanza wa havo na vwo pamoja, inampa muda. Na matokeo ya mtihani yakizidi ushauri, shule ya msingi inatakiwa kuupandisha, isipokuwa iwe na sababu za maana za kukataa. Uwe pale ukumbushe, kwa adabu. Kuhusu kujipamba: siku ya milango wazi achana na jukwaa, nenda ukawaulize wanafunzi wa mwaka wa tatu, "Mwalimu wa jiografia akichoka, anaongea lugha gani?" Mtoto atacheka na utapata jibu. Halafu uliza Kiingereza kinabaki nini kuanzia mwaka wa nne. Shule nyingi za tto ya vwo hutoa cheti cha Kiingereza cha IB, mfumo wa mitihani wa kimataifa. Takwimu za ufaulu ziko kwenye tovuti ya Scholen op de Kaart, bure.

Nuru: Na Kiswahili nyumbani? Mwalimu aliwahi kusema tupunguze.

Jibu: Msipunguze. Kwangu mezani ni Kiswahili tu, na wote wanapeta.

Juma: mkuu nitumie jina la shule nzuri na namba ya mkuu wa shule

Jibu: Hapana.

Papa Bahati: Mimi ni wa Bukavu. Kifaransa mtoto wangu anakijua tangu kwa bibi yake, lakini mwalimu amemkosesha kwa kuandika *septante*, sabini ya kwetu.

Jibu: Pole, nimecheka. Kwenye mtihani aandike *soixante-dix*, sabini ya Ufaransa. Kwa bibi aendelee na *septante*.