Kumwingiza kangaja wa samawati katika tangi la maji ya chumvi lenye wenyeji

Kangaja wa samawati, ambaye wanasayansi humwita Acanthurus leucosternon, ni samaki wa Bahari ya Hindi, anayepatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Bahari ya Andaman na Indonesia. Hutambulika mara moja kwa mwili wa samawati, uso mweusi, kidevu cheupe na pezi la manjano mgongoni. Pamoja na uzuri huo, ana tabia mbili ambazo mfugaji anapaswa kuzikubali kabla hajatoa fedha zake: ni mgomvi, hasa kwa samaki wanaofanana naye kwa umbo, na ni mwepesi kushikwa na ugonjwa wa madoa meupe kila anapohangaishwa. Tabia hizi mbili huenda pamoja. Kangaja wengi wanaokufa baada ya kutiwa katika tangi lenye wenyeji, yaani samaki waliotangulia kuishi humo, hawauawi na majeraha, bali hufukuzwa siku za mwanzo hadi washindwe kula, wakadhoofika, na vimelea vikapata nafasi. Kwa hiyo hatua zote zinazofuata zina lengo moja, nalo ni kumpa mgeni muda wa kula na kuzoea mahali kabla mwenyeji yeyote hajaweza kumgusa.

Hatua ya kwanza: chunguza tangi na wenyeji wake

Urefu wa tangi una maana zaidi kuliko lita zake, kwa sababu kangaja huogelea mchana kutwa akichunga mwani kwenye miamba. Tangi lenye urefu wa mita 1.8 na ujazo wa lita 500 hivi ndilo ninaloliona kuwa la chini kabisa kwa samaki huyu. Katika tangi fupi ugomvi hauishi, kwa kuwa anayefukuzwa hana pa kwenda. Tangi liwe limekaa miezi kadhaa, mawe yake yawe yameota mwani, na vipimo vya amonia na nitriti, sumu zinazotokana na taka za samaki, viwe sifuri.

Kisha watazame wenyeji. Samaki wadogo wa anemoni na wale wanaokaa mchangani hawamshughulishi sana. Hatari iko kwa kangaja wengine, kwa sababu ugomvi wao chanzo chake ni malisho, na anayefanana naye kwa umbo humhesabu kuwa mshindani wa mwani uleule. Nisingemchanganya kamwe katika tangi la nyumbani na Acanthurus lineatus, wala na Acanthurus sohal wa Bahari ya Shamu na Ghuba, ambaye wasomaji walioko upande huo humpata kwa urahisi. Kangaja wa jenasi ya Zebrasoma, wenye mapezi marefu na mdomo uliochongoka, huvumiliana naye vizuri zaidi. Ikiwa bado kuna samaki wapole unaowataka, waingize kwanza, na huyu awe wa mwisho.

Hatua ya pili: mchague samaki mwenye afya

Mwombe muuzaji amlishe mbele yako, na ikiwa hali, mwache, hata kama bei ni ya kuvutia. Tumbo lisiwe limebonyea, na nyama ya nyuma ya kichwa iwe imejaa. Wa sentimita 8 hadi 12 ndiye anayefaa zaidi, kwa kuwa mdogo sana hana akiba ya mafuta mwilini, na mkubwa sana huchelewa kuzoea maisha ya tangi. Walioko Kenya wana bahati ya kuwa karibu na wazamiaji wa Kwale na Kilifi wanaokusanya samaki wa mapambo kwa soko la nje, lakini nunua kwa mwenye leseni tu, na kumbuka kuwa kukamata samaki ndani ya hifadhi za bahari kama Kisite, Watamu na Malindi ni marufuku. Kusi linapovuma bahari huchafuka na uzamiaji hupungua, hivyo usishangae ukiambiwa usubiri.

Hatua ya tatu: karantini

Hapa ndipo wengi hupita njia ya mkato, na hapa ndipo mimi hukawia. Andaa tangi la pembeni la lita 150 hivi, lisilo na mchanga wala mawe, lenye vipande vya mabomba ya plastiki vya kujifichia na kichujio cha sponji. Sponji hiyo iwe imekaa wiki kadhaa ndani ya mfumo wa tangi kubwa ili iote bakteria wanaokula amonia. Ikishaingia karantini yenye dawa, isirudi tena katika tangi kubwa. Kwa walioko mahali ambapo umeme hukatika, pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya lazima.

Samaki aliyesafiri saa nyingi katika mfuko hahitaji kudondoshewa maji ya tangi mfukoni tone kwa tone kwa muda mrefu kama wengi wanavyofanya. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa ukaa aliyoitoa hushusha pH, yaani huongeza asidi ya maji, na amonia iliyojikusanya hukaa katika hali isiyo na sumu kali. Mfuko ukifunguliwa, hewa ukaa hutoka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu huku samaki akiwa ndani yake. Njia salama ni kumuuliza muuzaji kiwango cha chumvi anachotumia, kuyaandaa maji ya karantini yalingane nacho, kuuelesha mfuko uliofungwa kwa dakika 20 ili joto lilingane, kisha kumhamisha samaki mara moja na kuyamwaga maji ya mfuko. Chumvi utaipandisha polepole, kwa siku kadhaa, hadi gramu 35 kwa kila kilo ya maji.

Ugonjwa wa madoa meupe husababishwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kimelea hiki hukaa kwenye ngozi na matamvua kwa siku chache, hudondoka, hujifungia katika kifuko chini ya tangi, kisha hupasuka na kutoa wadogo wanaoogelea wakitafuta samaki. Dawa ya shaba huwaua hao wanaoogelea tu. Kilicho ngozini na kilicho ndani ya kifuko hakiguswi. Ndiyo maana madoa yakitoweka si dalili ya kupona, na ndiyo maana tiba hukaa siku 30 mfululizo bila kiwango cha shaba kushuka. Kangaja hawaivumilii shaba ya ghafla, kwa hiyo ipandishe kidogo kidogo kwa siku tatu au nne hadi kiwango kilichoandikwa kwenye chupa, kwani aina za shaba zinatofautiana sana, na upime kila siku. Usiitie kamwe katika tangi kubwa, kwa sababu huua matumbawe, kamba na konokono, na mawe huinyonya. Tiba ikiisha, iondoe shaba, umtazame wiki mbili nyingine huku ukimnenepesha kwa mwani mkavu wa nori na uduvi wa kugandishwa.

Jambo moja husahaulika. Ikiwa wenyeji wenyewe wana kimelea hicho, karantini ya mgeni haitasaidia kitu. Itabidi samaki wote watibiwe nje, na tangi kubwa likae bila samaki siku 76, muda ambao wafugaji wengi huufuata.

Hatua ya nne: kisanduku cha kutenga

Siku ya kumhamisha, badilisha kwanza mpangilio wa mawe unayoweza kuyasogeza, ili mipaka ambayo wenyeji wamejiwekea ivunjike na kila mmoja aanze upya. Kisha mtie mgeni katika kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, kisichopungua sentimita 40, kilichoning'inizwa ndani ya tangi mahali penye mkondo wa maji. Wanamwona, anawaona, na hakuna anayeumia.

Siku ya kwanza mwenyeji mkubwa atakipiga kisanduku kwa mkia na kusimamisha mapezi. Mwache. Kwa kawaida baada ya siku tatu hadi saba huchoka, na alama ninayoisubiri si utulivu wa jumla bali ni kuona milo miwili mfululizo ambayo mwenyeji anakula bila kukiendea kisanduku, na mgeni naye anakula ndani. Ikiwa wiki imepita na mwenyeji hajachoka, badilisha nafasi zao: mfungie yeye kisandukuni, umwachie mgeni alizoee tangi siku chache.

Hatua ya tano: kumwachilia

Lisha tangi zima washibe, funga majani ya nori katika ncha mbili zinazotazamana ili asiwepo mmoja wa kuyamiliki yote, na uzime taa. Bandika kioo cha kujitazamia nje ya tangi upande mmoja, kimtazame mwenyeji mgomvi, maana atatumia muda mwingi kugombana na sura yake. Kisha kiinamishe kisanduku, mgeni atoke mwenyewe. Usimkamate kwa wavu, kwa kuwa kila upande wa shina la mkia wake una mwiba mkali kama wembe, ambao hunasa katika nyuzi na unaweza kukukata vidole.

Hatua ya sita: kutazama na kuamua

Kufukuzana kwa vipindi, mapezi yaliyosimama na mikia inayoelekezwa kwa mwenzake ni mambo ya kawaida kwa siku chache. Yasiyo ya kawaida ni mapezi yaliyochanika, samaki aliyejibanza katika kona ya juu, anayepumua haraka, au asiyesogelea chakula kwa siku nzima. Ukiyaona hayo, anayeonewa arudi kisandukuni siku hiyohiyo, hata kama ni mwenyeji wa miaka mingi. Kioo kiondoe baada ya wiki moja, kwa saa chache kwanza. Lisha mwani mara mbili au tatu kwa siku kwa mwezi wa kwanza, na ikiwa baada ya majaribio mawili ya kisanduku bado mmoja anamzuia mwingine kula, mtafutie mmoja wao tangi jingine.