Meza ya Makaa: Jinsi ya Kuandaa Igizo la Hadharani na Mdahalo wa Tabianchi Chuoni

Igizo la hadharani ni hodi tu. Likishavuta macho, mtu atauliza: "Haya, mnataka nini?" Kama jibu halijaandikwa, picha zitasambaa siku mbili kisha kimya. Kwa hiyo anzeni na mwisho: andikeni kwanza ombi mtakalolipeleka Bungeni, mfuatishe maandalizi ya mdahalo, ndipo mtengeneze igizo. Mfano wetu hapa ni makaa ya mawe ya bonde la Mui, kaunti ya Kitui, na sheria ni za Kenya.

Chagueni uamuzi mmoja. "Tuokoe dunia" haina afisa wa kuijibu. "Serikali iachane na makaa ya mawe ya Mui" ina wizara na ina kamati ya Bunge. Tena ina kipimo: Kenya iliahidi kwamba kufikia 2030 gesi joto zake zitakuwa chini kwa asilimia 32 ya kiwango ambacho zingefika bila hatua yoyote.

Kitu mnachoonyesha kiwe ndicho mnachokizungumzia. London, tarehe 14 Oktoba 2022, wanaharakati wawili walimwagia supu ya nyanya mchoro wa alizeti wa Van Gogh. Walikuwa wanapinga mafuta, lakini mazungumzo mengi yakaishia kwenye mchoro wenyewe na kioo kilichoukinga. Supu na petroli havina undugu. Sahani iliyopakuliwa makaa inajieleza.

Notisi

Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo (OCS) apewe notisi ya maandishi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, na mkusanyiko uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Notisi iwe na jina kamili na makazi ya mwandaaji, tarehe, saa, na mahali au njia mtakayopita. Ipelekeni siku 6 au 7 kabla, nakala mbili, na msiondoke kituoni kabla nakala yenu haijapigwa muhuri. Hiyo ni taarifa, siyo ombi la kibali, basi msiandike "tunaomba ruhusa". Ndani ya chuo mtahitaji pia idhini ya mkuu wa wanafunzi, kwa sababu uwanja ni wa chuo.

Meza

Meza ya mita 2 kwa 1, kitambaa cheupe cha mita 3, sahani sita nyeupe za plastiki ngumu, gilasi za plastiki zenye maji ya tope, na debe moja la makaa ya jikoni. Msilete vyombo vya udongo wala vya kioo: vikivunjika vipande vyake vinageuka silaha, au vinaitwa hivyo. Pepeteni makaa usiku wa kuamkia siku hiyo, kisha yanyunyizieni maji kidogo. Vumbi kavu likipulizwa na upepo, kitambaa cheupe huwa cha kijivu kabla mpiga picha hajafika. Anayepakua makaa kwenye sahani awe peke yake, na asiguse kitambaa.

Hapa ndipo wengi huteleza. Makaa ya jikoni si makaa ya mawe, na mpita njia anaweza kudhani mnampiga vita mama anayeuza makaa kwa mkebe. Kosa hilo litawapotezea watu ambao wangewaunga mkono. Wekeni kibao kando ya sahani ya kwanza: "Mfano wa makaa ya mawe ya Mui."

Bango lichorwe kwenye kitambaa cha mita 3 kwa 1, herufi za sentimita 30. Upana huo hubeba herufi 13 hadi 15 kwa mstari, nafasi zikiwemo, kwa hiyo MAKAA YA MAWE hukaa juu na HAYALIWI chini. Pimeni kwa penseli kwanza. Anayeanza na rangi moja kwa moja hubananisha herufi za mwisho. Tandikeni nailoni chini, maana rangi hupenya, na liacheni likauke nusu siku. Litundikeni kwa kamba, msitumie miti minene inayofanana na rungu.

Picha zipigwe kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha. Saa sita nyuso huwa vivuli. Msemaji awe mmoja, mwenye maelezo ya sekunde 20 na saa ya mdahalo midomoni. Dakika 40 zinatosha, kisha fagieni.

Mdahalo

Ufanyike siku hiyohiyo. Wasemaji wawili kila upande, dakika 6 kila mmoja, kengele ya onyo ikigongwa dakika ya tano. Ukumbi upewe dakika 30, mtu dakika 2, kisha kila upande ufunge kwa dakika 3. Jumla ni saa nzima.

Upande wa kutetea mradi upeni watu wenye uwezo, ikiwezekana mwanafunzi wa uhandisi au mzaliwa wa Kitui anayeuamini. Atataja ajira na umeme usiotegemea mvua. Wapinzani wajibu kwa umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao nao hautegemei mvua, na kwa suala la fidia ya ardhi. Mkiweka mtetezi dhaifu, hadhira hujua imeletwa kushangilia.

Pigeni kura mlangoni watu wakiingia na tena wakitoka: kila mtu punje moja ya harage, mikebe miwili. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo habari ya kuwapa waandishi.

Ombi

Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, wa megawati 1,050, ilifutwa 26 Juni 2019 na jopo la kitaifa la kesi za mazingira, na kasoro ya ushirikishwaji wa umma ilikuwa sababu kubwa. Basi kumbukumbu za mdahalo zina thamani: katibu aandike kila hoja na aambatishe hesabu ya kura.

Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Liseme kama suala liko mahakamani, ni ofisi gani mliyoiendea bila kuridhika, na mnataka Bunge lifanye nini hasa. Kila mtia sahihi aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho. Mada irudiwe juu ya kila karatasi ya sahihi. Karatasi tupu zenye majina tu ndizo kasoro ya kawaida kuliko zote. Pasiwe na maneno yaliyokatwa au kuchomekwa. Mpelekeeni Karani wa Bunge, na nakala yenye muhuri ibaki kwa katibu pamoja na ile ya OCS.