Kabla ya kuvuka jangwa peke yako kwa pikipiki

Anayevuka jangwa na wenzake ana akiba ambayo hata haioni: pikipiki ya pili, maji ya mwenzake, mtu wa kwenda kuita msaada. Ukiwa peke yako akiba hiyo haipo, na karibu kila kitakachokuokoa kimeshaamuliwa siku kadhaa kabla hujawasha injini. Mimi nina swali moja ninalolipitisha juu ya kila ninachofunga na kila kipande cha njia ninachokipanga: pikipiki ikifa kabisa pale palipo mbali zaidi na watu, kitu hiki kitanisaidiaje? Swali hilo huniondolea vitu vingi vizuri na kuniongezea vichache visivyovutia hata kidogo.

Anza na njia yenyewe, maana neno jangwa linabeba nchi zisizofanana. Nullarbor, kusini mwa Australia, barabara ni ya lami, na kipande kimoja cha Eyre Highway kimenyooka kilomita 146.6 bila kona hata moja. Hapo utapambana na usingizi, na upepo unaosukumwa na malori marefu. Namibia utapita changarawe siku nzima, na changarawe huangusha watu wanaoiendesha kama lami. Atacama, huko Chile, inapanda hadi zaidi ya mita 4,000, ambako hewa ni nyepesi kiasi cha kudhoofisha injini na kukuumiza wewe kichwa. Sahara inaweza kukupa mchanga laini, kokoto na miamba kabla ya adhuhuri. Kwa kila kipande jua sakafu yake ni ya nini, kituo cha mafuta kinachofuata kiko umbali gani, na magari mangapi hupita hapo kwa siku. Hilo la mwisho wengi hawaliulizi, nalo ndilo linalokuambia ukikwama utasubiri saa mbili au siku tatu.

Uliza pia mahali unapokatazwa. Hifadhi ya Etosha ya Namibia, kwa mfano, hairuhusu pikipiki. Na kuna sehemu za Sahara Magharibi zenye mabomu ya ardhini yaliyobaki kando ya ukuta wa kijeshi, ambako kutoka njiani mita chache ili upate kivuli ni kucheza na roho yako. Maeneo ya mipaka yaliyowahi kupiganiwa yaulizie kwa watu waliopita karibuni, si kwa ramani ya zamani.

Majira ni jambo la uamuzi mmoja tu: usiende kiangazi. Furnace Creek katika Death Valley, Marekani, ilipimwa nyuzi 56.7 tarehe 10 Julai 1913, na hakuna maandalizi ya pikipiki yanayoshinda joto la namna hiyo. Nenda miezi ya baridi, lakini usidanganyike na jina la jangwa. Hewa kavu na anga isiyo na mawingu haviwezi kushikilia joto la mchana, kwa hiyo usiku unaweza kushuka hadi kwenye barafu. Blanketi au mfuko mzuri wa kulalia ni wa lazima.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo. Mwili unaofanya kazi kwenye joto kali unaweza kutoa zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa, na kusukuma pikipiki iliyozama mchangani ni kazi kweli. Mimi hupanga lita 10 kwa kila siku ninayoweza kuwa mbali na kisima cha uhakika, pamoja na siku moja ya ziada ambayo siigusi. Ni mzigo mzito, kila lita kilo moja, na ndiyo maana mambo mengine lazima yapungue. Usiyaweke maji yote katika chombo kimoja. Mfuko wa mgongoni wenye mrija ni mzuri kwa sababu utakunywa bila kusimama, ila ukipasuka katika anguko, maji yaliyobaki yawe kwenye madumu magumu yaliyofungwa pande zote mbili za pikipiki.

Kuna kosa ambalo hata watu wazoefu hulifanya: kubana maji, kunywa funda moja kila saa ili yafike mbali. Mwili haujui kwamba unabana. Unaendelea kukauka, na akili ndiyo inayoanza kuondoka. Kunywa ukiwa na kiu, na ubane jasho badala yake: kaa kivulini mchana, fanya kazi ngumu alfajiri. Mkojo wa njano iliyokolea ni onyo la mapema. Tena, maji matupu mengi sana bila chumvi yana hatari yake, kwa kuwa jasho huondoka na chumvi ya damu. Beba pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini, na kama hazipo changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu. Ukiacha kutoka jasho huku ngozi inawaka, au ukijikuta umesahau ulikotoka asubuhi, safari ya siku hiyo imekwisha. Tafuta kivuli, loweka nguo, lala.

Mavazi yanafungamana na maji. Hewa ikizidi joto la ngozi, yaani karibu nyuzi 35, upepo wa mwendo hauupozi mwili tena kama ulivyozoea. Unaupasha, na unalikausha jasho kabla halijafanya kazi yake. Anayefungua jaketi kifua wazi anajisikia vizuri kwa dakika kumi kisha anakauka. Vaa fulana iliyoloweshwa, funga jaketi, acha matundu machache tu ya hewa. Buti ziwe ndefu na ngumu kufika chini ya goti. Kifundo cha mguu kilichovunjika mjini ni wiki sita za kuchechemea. Ukiwa peke yako kilomita 80 kutoka kwa mtu wa karibu, huwezi kuinua pikipiki wala kutembea.

Petroli hesabu mwenyewe, usiamini kitabu cha pikipiki. Tuseme tangi lako ni lita 15 na kwenye lami unapata kilomita 20 kwa lita: kilomita 300. Mchangani, kwa gia ndogo na upepo wa mbele, pikipiki hiyohiyo inaweza kukupa kilomita 12 kwa lita, na zile 300 zimekuwa 180. Panga kwa namba mbaya zaidi, kisha ongeza theluthi moja ya petroli juu ya hesabu hiyo kwa ajili ya kupotea njia na kurudi. Usijaze tangi hadi mdomoni asubuhi ya baridi. Petroli hutanuka karibu asilimia moja kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo lita 20 zikipata joto la nyuzi 25 zaidi zinaongezeka karibu nusu lita, na nusu lita hiyo itatafuta pa kutokea karibu na injini ya moto. Mahali ambapo mafuta huuzwa kwa pipa, mimina kupitia kitambaa safi au faneli yenye wavu.

Kwenye pikipiki yenyewe, kitu cha kwanza kuogopa ni vumbi. Mchanga ukipita chujio la hewa unasaga pistoni na silinda kama msasa, na injini inaweza kumalizika ndani ya siku chache. Weka chujio jipya kabla ya kuondoka, paka grisi pembeni linapokaa, na beba la pili likiwa limeshatiwa mafuta na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki. Kila jioni fungua uone. Cheni nayo ina siri yake: mafuta mengi ya cheni hushika mchanga na kuwa kinoo kinachokula spoketi. Kwenye mchanga mtupu ni afadhali cheni kavu iliyopigwa brashi kuliko cheni inayong'aa. Halafu kuna klachi, ambayo watu huiunguza wakijaribu kujitoa walipozama. Shuka, punguza mizigo, chimba mbele ya gurudumu, tembea kando ya pikipiki ukiipa mafuta kidogo. Klachi yako ni moja.

Tairi hupunguzwa upepo kwenye mchanga ili likanyage kwa upana. Kwa pikipiki nyingi za safari, kutoka paundi 32 hivi hadi karibu 20 kunatosha kubadilisha kila kitu. Pima tairi likiwa baridi, na usitoe upepo mchana kwa sababu tu kipimo kimepanda kwa joto. Ukirudi kwenye miamba au lami, jaza tena kabla ya kuongeza mwendo, la sivyo utapinda rimu au kuunguza tairi. Hii ina maana pampu si ya hiari. Nami hubeba ya mkono hata nikiwa na ya umeme, maana ya umeme inaitegemea betri ileile ambayo huenda ndiyo iliyonikwamisha.

Jizoeze kutoa tairi ukiwa nyumbani. Nalisema hili kwa moyo wote kwa sababu nimewaona waendeshaji hodari wakiwa na vifaa kamili ambavyo hawajawahi kuvigusa. Mara yangu ya kwanza ilinichukua karibu saa tatu, kwenye sakafu ya saruji, chini ya kivuli, na bado niliitoboa tyubu mpya kwa chuma cha kufungulia. Rudia hadi ufanye bila kuwaza. Tumia vifaa vilevile utakavyovibeba, usiazime spana ya gereji. Kwenye mkoba huo weka pia kebo ya klachi, kiungo cha cheni, plagi, fyuzi, waya, gundi ya chuma, na kipande cha bati au kifuniko kipana cha kuweka chini ya stendi isizame.

Thierry Sabine, aliyeanzisha mbio za Paris–Dakar mwishoni mwa mwaka 1978, alikuwa amepotea Sahara mwaka 1977 akiwa kwenye pikipiki katika mbio za Abidjan–Nice. Ujuzi wa kuendesha haumzuii mtu kupotea. Simu nzuri iliyofungwa kwenye usukani chini ya jua huzimika yenyewe kwa joto, na mara nyingi hukataa kuchaji ukiwa unaihitaji sana. Pakua ramani ndani ya simu, ndiyo, lakini beba ramani ya karatasi na dira, na uandike kwenye karatasi umbali kati ya alama kubwa za njia. Juu ya hapo, beba kifaa cha kuomba uokoaji kwa setilaiti. Vile vidogo vya masafa ya 406 MHz vinavyosomwa na Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa setilaiti za uokoaji, havina ada ya mwezi, na vikiwashwa betri hudumu angalau saa 24, lakini lazima visajiliwe kabla. Vile vya ujumbe vina ada, ila vinakuwezesha kueleza kama umevunjika mguu au umeishiwa petroli tu. Angalia sheria kwanza: India, kwa mfano, hairuhusu simu za setilaiti bila kibali.

Kifaa hakitoshi bila mtu. Mwachie mmoja unayemwamini njia yako, rangi ya jaketi, namba ya pikipiki, saa ya kuwasiliana, na saa ambayo akiwa hajakusikia atapiga simu, na ampigie nani. Usimwachie ajiamulie, kwa sababu atasitasita kwa kuogopa kukuaibisha.

Kuhusu siku yenyewe: ondoka kukipambazuka, kabla jua halijachomoza, mchanga ukiwa bado mgumu, simama saa nne au saa tano asubuhi, na usiendeshe usiku kamwe, maana ngamia hulala barabarani na mwili wake humwangukia mpanda pikipiki moja kwa moja. Usilale kwenye bonde kavu hata anga ikiwa safi. Mvua iliyonyesha mbali sana hufika hapo kama ukuta wa maji. Dhoruba ya mchanga ikija, toka barabarani kabisa, zima taa ili anayekuja nyuma asikufuate, kaa chini mbali kidogo na pikipiki, upepo mgongoni. Asubuhi kung'uta buti, kwa ajili ya nge.

Na ukikwama, kaa na pikipiki. Inaonekana kutoka angani kuliko wewe, ina kioo cha kuakisi jua, ina petroli na tairi za kutoa moshi. Tandika turubai lipate kivuli, usikae moja kwa moja juu ya mchanga kwa sababu sakafu hupata moto kuliko hewa, na toa ishara kwa tatu: mioto mitatu, filimbi tatu.

Siku mbili kabla ya kuondoka funga kila kitu, maji na petroli vikiwamo, nenda kwenye ardhi laini, ulaze pikipiki chini. Zima injini, tia gia, ipe mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, sukuma kwa miguu si kwa kiuno. Inue hivyo mara tatu mfululizo. Ya tatu ikikushinda, fungua mikoba na utoe vitu hadi uweze, na usianze na maji. Mimi huanza na nguo.