Kutuliza mwili na akili chini ya mti: mwongozo kwa wakazi wa Dodoma

Ukimwambia mtu kwamba mazingira ya asili hutuliza mwili, hufikiria misitu ya Usambara au ufukwe wa bahari, kisha hutazama vumbi la Dodoma na kukata tamaa. Msitu si lazima. Unahitaji mti mmoja, dakika 20 au zaidi, na simu iliyonyamazishwa. Tafuta mti unaoufikia kwa mguu ndani ya dakika 10 kutoka mlangoni kwako. Ukiwa mbali zaidi ya hapo, utakwenda mara mbili tatu na kuacha.

Dakika hizo 20 zina sababu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la wiki nane, ambalo wakazi wa mjini walitoka nje mara tatu kwa wiki, dakika 10 au zaidi kila mara, na mate yao yakapimwa kabla na baada. Kortisoli, homoni inayopanda mtu anapoelemewa na msongo, ilishuka kwa kasi kubwa zaidi kati ya dakika 20 na 30. Baada ya hapo iliendelea kushuka, lakini polepole. Wanaolisimulia jaribio hilo husahau masharti yake: watu walitoka wakati wa mwanga wa jua, bila simu, bila mazungumzo, bila kusoma, na bila mazoezi ya kutoa jasho kabla yake. Ukikaa chini ya mti ukijibu ujumbe wa WhatsApp, umehamisha ofisi tu.

Mwaka huohuo uchambuzi wa taarifa za watu karibu 20,000 wa Uingereza ulionyesha kwamba waliofikisha dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walielekea zaidi kusema wana afya njema, wawe wamezimaliza kwa siku moja au wamezigawa. Hilo halithibitishi kwamba miti ndiyo iliyowapa afya, maana huenda mwenye afya ndiye anayetoka zaidi. Hata hivyo ni lengo zuri: dakika 25, mara tano kwa wiki.

Sasa uchague mti. Mbuyu husimama bila majani sehemu kubwa ya kiangazi, kwa hiyo kivuli chake ni cha shina tu: asubuhi kaa upande wa magharibi, jioni upande wa mashariki. Mgunga una kivuli chepesi na miiba iliyotapakaa chini. Vaa viatu vya soli ngumu, na kandambili uziache nyumbani. Mwarobaini ndio rahisi kuliko yote, una kivuli kizito karibu mwaka mzima na upo kila mtaa. Kabla ya kukaa, zunguka shina lote. Kwenye mashimo ya mibuyu ya zamani hukaa nyuki, popo na hata nyoka, kwa hiyo usiingize mkono wala kichwa. Uliza pia wazee wa eneo hilo, kwa kuwa mibuyu mingine ni ya matambiko na haikaliwi ovyo. Kwenye shamba la zabibu omba ruhusa na uulize siku ya kupulizia dawa, usiende siku hiyo wala kesho yake. Ukienda Bwawa la Hombolo, kaa ukingoni bila kuloweka miguu, maana vimelea vya kichocho huingia kupitia ngozi mtu akiwa majini. Na kati ya Desemba na Aprili usikae kabisa ndani ya korongo, hata kama mchanga wake ni mkavu. Mvua ikinyesha mbali juu, maji hushuka ghafla.

Nenda kati ya saa 12:30 na saa 2:30 asubuhi, au kuanzia saa 11 jioni. Jua la katikati ya siku litakuchosha badala ya kukupumzisha, na miezi ya upepo mkali, Juni hadi Septemba, asubuhi mapema ndiyo yenye utulivu. Mwenye pumu aahirishe siku ya vumbi. Beba nusu lita ya maji, kofia na kigoda au mkeka. Simu iwekee kengele ya dakika 25, kisha itie mfukoni. Bila kengele utaikagua saa kila mara.

Ukifika, kaa dakika mbili kwanza, ndipo upime mapigo ya moyo: hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili, andika. Ukipima umesimama tu kutoka kutembea, namba itakuwa juu na utajidanganya baadaye kwamba umetulia sana.

Kisha vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe taratibu ukihesabu sita. Fanya hivyo mara kumi. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza kasi ya moyo. Ukisikia kizunguzungu, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida.

Fumba macho usikilize kwa dakika tano, ukianza na sauti ya mbali kabisa na kuja hadi ya karibu: jogoo wa mtaa wa pili, njiwa, majani, nzi sikioni. Bodaboda itapita. Isikie ikija, isikie ikiishia, usipambane nayo. Wengi hushindwa hapa kwa kudhani wanahitaji ukimya, wakati kazi yenyewe ni kuyapa masikio kitu cha kufuata ili mawazo yasijizungushe palepale. Yakikuchukua, na yatakuchukua, rudi kwenye sauti bila kujilaumu.

Fumbua macho, chagua sehemu ya gome yenye ukubwa wa kiganja, uitazame mpaka uone vitu vitano ambavyo hukuviona mwanzoni. Sisimizi wanapita njia gani? Rangi inabadilika wapi? Iguse. Malizia kwa kutembea hatua mia moja, sekunde tatu kila hatua. Hizo ni dakika tano. Kaa tena dakika mbili, pima mapigo, andika. Siku moja haikuambii kitu. Linganisha baada ya wiki nne.

Watu watakusalimu. Ukiambiwa "mbukwenyi", itikia vizuri kisha urudi kwenye utulivu wako. Kumnyamazia mpita njia kutakuletea maswali mengi kuliko salamu. Mwanamke, au yeyote anayekwenda mahali pa faragha, aende na mwenzake, wakubaliane kunyamaza mpaka kengele ilie.

Kuna ambao ukimya huwazidishia huzuni au hofu. Hao wasifumbe macho. Watembee zaidi na waanze na dakika 10. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, usingizi ukipotea, au yakija mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali mara moja. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo hapahapa Dodoma. Dawa za presha, kisukari au sonona zisiachwe kwa sababu ya mti.

Mgonjwa asiyeweza kutoka naye asisahaulike. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alilinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa nyongo huko Pennsylvania. Waliolazwa penye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema na walitumia dawa chache kali za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Basi geuza kitanda kielekee dirisha lenye mti, mto uwe juu kiasi cha mgonjwa kuona matawi bila kukaza shingo. Weka nje sahani ya maji yenye kina cha vidole viwili, hatua tatu hivi kutoka dirishani na karibu na kichaka, ili ndege waje wakiwa na mahali pa kukimbilia. Imwage na kuisugua kila siku mbili, mbu wasizaliane humo.