Kabla ya kununua turbo nyingine, angalia oili inarudi vipi

Mteja akiingia gereji kwangu hapa Unga Limited, Arusha, na gari linalofuka moshi wa bluu, mara nyingi hukumu ameshaitoa njiani: "Fundi, turbo imekufa, nitafutie nyingine." Simbishii, ila spana ya kwanza siipeleki kwenye turbo. Ukifunga mpya bila kuondoa chanzo, itavuja vilevile na pesa yako imekwenda.

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja: moja inazungushwa na moshi wa eksozi, nyingine inasukuma hewa ndani ya injini. Watu wanadhani ndani yake kuna sili ya raba. Hakuna. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande mmoja unapigwa na moshi wa injini wenye joto ambalo raba isingelivumilia. Kinachozuia oili ni ringi nyembamba za chuma, zikisaidiwa na presha ya hewa upande huu na ya moshi upande ule. Oili inaingia kwa nguvu ya pampu kupitia bomba jembamba la juu, inalainisha bushi, kisha inateremka kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, kwa uzito wake tu. Hakuna kinachoivuta. Ukiizuia kuteremka, itatokea kwenye feni ya hewa au kwenye eksozi.

Anza na rangi. Bluu ni oili. Mweusi ni dizeli kuzidi hewa, basi tafuta filta iliyoziba, hozi iliyopasuka au nozeli mbovu. Mweupe, na maji yanapungua kwenye rejeta, kwa Prado na Surf za injini ya 1KZ mimi nafikiria silinda hedi, turbo baadaye.

Kisha muulize dereva moshi unatoka wakati gani. Hawa wa utalii wanaopandisha kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu wanajua kuliko mashine yoyote. Ukitoka gari likibeba mzigo mlimani, shuku turbo au ringi za pistoni. Ukitoka anapokanyaga mafuta baada ya mteremko mrefu, nashuku zaidi sili za valvu. Ukijaa baada ya gari kunguruma limesimama foleni geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro, twende kwenye bomba la kurudisha oili.

Injini ikiwa baridi, toa filta ya hewa. Vumbi la kutoka Ngorongoro kwenda Serengeti ni jembamba kama unga wa muhogo. Filta ikiziba, turbo inavuta hewa isiyokuja, na mvuto huo unanyonya oili kutoka tumboni mwake yenyewe. Na huku kwetu turbo tayari ina kazi: Arusha iko kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari, ukingo wa kreta karibu 2,300, hewa ni nyepesi, inabidi izunguke zaidi kupata presha ileile.

Chomoa hozi inayoleta hewa kwenye turbo, uangalie ndani. Ukikuta oili kabla ya feni, imetoka kwenye hozi ya kupumulia injini, turbo haihusiki. Utando mwembamba ni kawaida, dimbwi si kawaida. Washa injini, fungua kofia ya kujazia oili: ikipuliza moshi kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka, presha imejaa kwenye sampu na oili ya turbo haina pa kurudia. Hapo turbo mpya haitakusaidia, injini yenyewe inataka kufunguliwa.

Zima, sasa shika shafti kwa vidole. Ikicheza kidogo juu na chini usishtuke, bushi huachiwa nafasi ya oili. Mbele na nyuma isicheze kwa kuhisi kwa mkono. Turbo nyingi ndogo hukubali karibu milimita 0.1 tu. Mapanga ya feni yakiwa yamelika au yamekwaruza ganda, turbo imekwisha kweli.

Ila kama shafti iko salama, mkosaji huwa bomba la chini, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kote. Litoe lote. Tazama kama limeziba kaboni, limebanwa, au kuna mtu aliweka hozi ya raba iliyopinda ikapanda juu kabla ya kushuka. Lazima lishuke moja kwa moja. Adui mkubwa ni silikoni. Fundi anapaka nyingi badala ya gasketi, inaminyika ndani na kufunga nusu ya tundu. Weka gasketi yake, kavu. Angalia na dipstiki pia, maana oili ikizidi alama ya juu inaweza kufunika mdomo wa bomba hilo.

Ukilazimika kubadilisha, bomba la juu nalo ubadilishe au ulisafishe hadi ndani ya boliti yake yenye tundu. Oili mpya, filta mpya. Mimina oili kwenye tundu la turbo huku ukizungusha feni kwa mkono, zuia dizeli, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ndipo uwashe, na usipige resi dakika chache za mwanzo.

Intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, isafishe na kuikausha kabisa. Oili iliyotuama humo inaweza kulifanya gari la dizeli lijiendeshe kwa oili, likipiga kelele hata ukichomoa ufunguo. Likikufanyia hivyo likiwa limesimama, kwa gari la gia za mkono kanyaga breki hadi mwisho, ingiza gia kubwa, achia klachi lizime. Kwa otomatiki, ziba mdomo wa hewa kwa ubao mnene. Mkono usiweke kabisa, na usisimame pembeni ya injini.

Baada ya kazi gari bado litafuka, kwa sababu eksozi imelowa. Lipeleke barabara ya Namanga oili hiyo ikaungue, ukirudi chomoa tena ile hozi ya hewa na ufute kwa kitambaa cheupe uone kama oili bado inavuja.