Tulboksi za kupangana: wacha kusoma jina, pima kitako

Mimi ni seremala, kazi yangu kubwa ni kabati za jikoni na kabati za nguo, nakaa Kisumu lakini wiki hii naeza kuwa Ahero, wiki ijayo Maseno, ile ingine niko Bondo, na gari sina, ni boda ama tuktuk. Kwa hivyo hizi boksi za vifaa, zile zinapangwa moja juu ya ingine na kushikana, kwangu si urembo, chakula ya watoto iko ndani yake. Boksi isiposhika ingine vizuri kitu kinaanguka barabarani, na kikianguka kesho hakuna kazi.

Naandika hii ju kila mara fundi kijana ananiuliza, "Mzee, ninunue za kampuni gani?" na mimi namwambia hilo swali ngoja kwanza, kampuni inakuja mwisho. Cha kwanza ni kitako, yaani ile sehemu ya chini ya boksi. Boksi inakaa na nani, inashikana na nani, hio ndio itakusaidia ama ikusumbue miaka yote.

Jambo lenyewe liko hivi. Kuna boksi zenye majina tofauti kwenye mfuniko lakini ni familia moja, zinashikana kabisa. Alafu kuna boksi za jina moja, rangi moja, duka moja, na hazijuani hata kidogo. Chukua Makita. Ile boksi yao ya MAKPAC inashikana na Systainer, zile boksi za Festool, kampuni ya vifaa ya Ujerumani, ju zimefuata kipimo kimoja, kile cha Tanos, kampuni ya Ujerumani iliyotoa Systainer mwaka wa 1993. Mafell na Mirka pia wanauza vifaa vyao ndani ya Systainer. Kwa hivyo ukiona boksi ya buluu ya Makita na ingine ya kijivu yenye jina la mjerumani, usiogope, pima, kitako ni milimita 396 kwa 296. Sasa geuka uangalie DeWalt. Kuna TSTAK na kuna ToughSystem, zote nyeusi na njano, zote DeWalt, na bila adapta haziingiani. TSTAK ni kama sentimita 44 kwa 33, ToughSystem ni kama 55 kwa 34. Lakini hio TSTAK inashikana na zile za Stanley FatMax za Pro-Stack, ju DeWalt na Stanley ni nyumba moja. Milwaukee Packout nayo iko peke yake na hao wenye Milwaukee ndio wenye Ryobi za Link huko Marekani, mwenye mali ni mmoja na boksi hazipatani. Umeona? Jina halikwambii kitu.

Bosch ya buluu, L-Boxx, hio ilitengenezwa pamoja na Sortimo, watu wa Ujerumani wanaoweka rafu ndani ya magari ya mafundi, na Sortimo wenyewe wanaiuza na jina lao. Kitako ni milimita 442 kwa 357. Hii naipenda kwa kitu kimoja, unaiweka juu ya mwenzake, unabonyeza, inalia kli! na umemaliza, hata gizani.

Wacha niwaambie ni nini ilinifundisha. Mwaka wa pili wa kazi nilinunua boksi ya pili kwa mtu, ya kwanza nilikuwa nayo, hii ya pili rangi ilikaribiana na upana kwa macho ulikuwa sawa, muuzaji akasema, "Fundi, hizo zote ni kitu moja tu." Nyumbani nikaona miguu miwili ya mbele imeingia kwa mashimo yake, ile ya nyuma imepanda juu ya ukingo, inaelea. Tofauti ilikuwa kama milimita nne. Nikasema mpira wa boda wa kufungia mzigo utaishika. Tulifika Kondele, boda ikapanda bampu, boksi ya juu ikasonga kando, mpira ukateleza, ikashuka na kona. Mfuniko ulifunguka. Patasi tano zikatawanyika kwa lami na rauta, ile mashine ya kuchonga kingo za mbao, ikaanguka na uso, bamba lake la chini likapasuka kutoka kwa skrubu moja hadi ingine. Matatu ikasimama nyuma yetu inapiga honi na mimi niko chini naokota. Ile patasi ya milimita 12 mpaka leo ina meno. Milimita nne tu.

Sasa njia ya kununua. Ukienda dukani ama Kibuye siku ya Jumapili, usiende mikono mitupu, beba boksi moja uliyonayo, iwe tupu. Ni mzigo, najua, lakini hakuna kipimo kinashinda hicho. Kama huna hata moja beba tepu na uandike kwa karatasi vipimo vya familia unayotaka. Pima kitako kwa milimita si kwa sentimita, pima chini si kwa mfuniko ju mfuniko mara nyingi una midomo inayotokeza. Alafu panga, funga komeo zote, shika mkono wa boksi ya JUU na uinue zote mbili. Tikisa. Boksi ya chini ikicheza kidogo ni kawaida, lakini kama inaning'inia upande mmoja wacha. Muuzaji akikataa ujaribu, rudisha kwa heshima, mwambie asante mama ama asante ndugu na uende.

Geuza boksi juu chini. Jina la stika linaeza kubandikwa na mtu yeyote, lakini yale maandishi yaliyotoka na plastiki yenyewe kwa kiwanda ni ngumu kudanganya. Hapo chini pia utafute alama ya plastiki, kuna pembe tatu yenye namba 5 na herufi PP, ama utaona ABS. Ikumbuke hio, nitairudia.

Kwa zile za mitumba, zenye watu wanaita ex-UK, mimi kusema ukweli ndio napenda zaidi, boksi iliyokaa miaka kumi kwa gari ya fundi wa Uingereza na bado komeo inashika ni boksi nzuri. Kagua vitu vitatu. Komeo, fungua na ufunge kila moja mara kama kumi ukisikiliza kama inalegea. Pini za bawaba nyuma, zikichomoka mfuniko unaenda. Na rangi, plastiki ikiwa imefifia ikawa na unga mweupe ukipitisha kidole, hio imeliwa na jua, itavunjika kama biskuti. Mikwaruzo wacha tu, haina shida.

Vijana wengi watauliza, basi nichukue familia gani? Itategemea na unavyosafiri. Mtu wa mjengo, analala saiti, boksi inakaa nje kwa mvua na kokoto, huyo atafute zile nzito zenye raba kuzunguka mfuniko, ToughSystem ama Packout, nyingi zimeandikwa IP65. Hio namba maana yake ni hii: 6 ni vumbi haliingii kabisa, 5 ni maji ya kurushwa na mpira wa maji hayaingii kutoka upande wowote. Kuzamishwa ndani ya maji sio hio. Lakini ni kubwa, Packout ile kubwa ni kama sentimita 56 kwa 41, kwa boda inakuwa kama umebeba meza. Mtu kama mimi anayeingia jikoni ya mtu, anatembea na boda, Systainer na MAKPAC ndio zinanifaa, na kuna sababu ya hesabu. Urefu wake kwenda juu, kwa MAKPAC na Systainer za zamani, ni milimita 105 namba moja, 157.5 namba mbili, 210 namba tatu na 315 namba nne. Mbili za namba moja ni sawa na moja ya namba tatu, mbili za namba mbili ni sawa na moja ya namba nne. Kwa hivyo unapanga safu mbili kando kwa kando ndani ya tuktuk na zote zinaishia usawa mmoja, juu unaweka ubao na unapimia kazi hapo hapo. Fundi stima anayebeba vitu vidogo vidogo, soketi na swichi na klipu, L-Boxx ina visanduku vya ndani vizuri sana. Boksi za Ingco na Total, kampuni za vifaa, ziko kila hadwea hapa mjini, hizo pima tu vile nimesema, na ukipata inayokufaa nunua mbili tatu siku hio hio, ju ukirudi baada ya mwaka unaeza kupata wamebadilisha umbo.

Lakini chagua familia moja ukae nayo. Familia mbili ni hasara mbili.

Kuna kitu ingine nilifanya na nataka kila seremala ajaribu. Boksi iliyovunjika ubavu watu wanaitupa ama wanaiuza bei ya bure. Mimi nanunua. Nakata kitako chote kwa msumeno wa meno madogo, sentimita mbili hivi kutoka chini, nakata na mfuniko, alafu natengeneza boksi ya pliwudi katikati, pliwudi ya milimita 9, urefu wowote ninaotaka, nafunga kitako chini na mfuniko juu kwa skrubu fupi na washa pana. Sasa nina boksi ya droo mbili ya skrubu na bawaba, imetoka kwa mikono yangu na inashikana na zile za kiwanda bila shida. Ukipima hakikisha pliwudi haitokezi nje ya ukingo wa plastiki hata kidogo, la sivyo komeo za jirani hazitafika. Mimi naacha milimita mbili kila upande.

Kutengeneza iliyopasuka, hapa ndio ile alama ya chini inafanya kazi. ABS inakubali asetoni. Chukua vipande vya ABS hio hio, vikate vidogo, viloweke ndani ya asetoni kwa chupa ya kioo usiku mmoja, inakuwa uji mzito, unapaka kwa ufa na unaacha ikauke siku nzima, inashikana kama mwili. Fanya nje, mbali na jiko na sigara, ile hewa yake inashika moto haraka sana. PP yenye namba 5 haitaki gundi, hata superglu itabanduka, usipoteze pesa. PP inashonwa kwa moto. Tafuta kiti cha plastiki kilichovunjika, vingi ni PP, angalia namba 5 chini yake, kata kijiti chembamba, kwa soldaingani unayeyusha kijiti na ufa pamoja polepole, mlango ukiwa wazi. Komeo iliyovunjika kabisa usihangaike na gundi, toboa upige boliti ndogo ya M4 na kipande cha bati ndani.

Ndani ya boksi watu wanaweka sponji ya godoro kuukuu. Hapana. Sisi tuko kando ya ziwa, hewa ya asubuhi ina maji, godoro linanyonya na kushikilia, ukifungua baada ya wiki mbili randa ina kutu ya rangi ya chai. Tumia ndara. Ndio, zile za kuvaa, ile raba yake hainyonyi maji. Soli za ndara zilizoisha unazichana kwa kisu kikali kufuata umbo la drili, unabandika, kifaa kinalala bila kucheza. Weka pia vile vipakiti vidogo vya chembe chembe vinavyokuja na viatu vipya, na ukinyeshewa siku hio usiku wacha boksi wazi ndani ya nyumba.

Kwa boda panga hivi: nzito chini, yaani grinda na drili na betri, katikati vifaa vya mkono, juu tepu, penseli, skrubu, kitu unachochukua kila dakika. Boksi tatu, namba tatu chini, namba mbili katikati, namba moja juu, zinafika kama sentimita 47, zaidi ya hapo mimi sipandi. Upana uwe kukingama kiti si kwa urefu, mpira upite juu mara mbili kwa msalaba na mwisho upite NDANI ya mkono wa boksi ya juu, si juu ya mfuniko tu. Mwambie mwenye boda, "Ndugu, bampu polepole, kuna mashine," wengi wanasikia ukiwaambia mapema.

Mwisho kuna karatasi. Ndani ya kila mfuniko nimebandika orodha ya kila kitu kinachokaa humo, nimefunika na selotepu pana. Jioni kabla sijaosha mikono nasoma orodha kwa sauti na kijana ninayefanya naye kazi anagusa kila kifaa anajibu "iko." Juzi huko Maseno tulifika patasi ya milimita 12, ile yenye meno, akanyamaza, tukarudi ndani tukaipata juu ya friji ya mwenye nyumba.