Jinsi ya kulinda haki za ndugu yako katika makao ya watu wenye ulemavu wa akili nchini Kenya

Mwongozo huu unazihusu familia ambazo ndugu yao aliye mtu mzima mwenye ulemavu wa akili anaishi katika makao ya utunzaji, yawe ya kanisa, ya shirika au ya mtu binafsi. Jamaa wengi hungoja mpaka waone jeraha ndipo waanze kuuliza maswali, ilhali haki za mkazi huanza kumegwa mapema zaidi, katika mambo madogo ya kila siku: nani anamchagulia nguo, nani anashika simu yake, na mlango wa bafu unafungiwa upande gani.

Jifunze kwanza vifungu vichache vya sheria, kwa kuwa msimamizi anayetajiwa kifungu hujibu kwa uangalifu zaidi kuliko anayeulizwa kwa jumla. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kwa hiyo kumwita mtu wa miaka 35 "zezeta" si utani. Kifungu cha 29 kinakataza viboko na utendewaji wa kikatili, na cha 31 kinalinda faragha. Kenya pia iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 12 kinamtambua mtu huyu kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine, yaani anapaswa kusaidiwa kuamua, si kuamuliwa.

Mtembelee bila kutangaza siku, na ubadilishe saa, kwa maana makao ya saa nne asubuhi, yaliyopigwa deki na kupangwa kwa ajili ya wageni, si yale ya saa moja jioni. Omba kuketi naye bila mhudumu kuwapo. Iwapo hazungumzi kwa maneno, tumia picha au ishara anazozifahamu, na uangalie anavyobadilika mhudumu fulani anapoingia chumbani. Hilo pekee si ushahidi, lakini linakuonyesha pa kuanzia kuuliza.

Kwenye dawa usikubali majibu mafupi. Uliza ni dawa gani, nani aliiandika, kwa ugonjwa upi, na daktari aliipitia lini mara ya mwisho. Dawa za kutuliza zinazotolewa ili zamu ya usiku ipumzike ni kifungo kisicho na kamba. Kwa wanawake, uliza waziwazi kuhusu sindano za kuzuia mimba, maana kifungu cha 23 cha Mkataba kinalinda uwezo wa kuzaa wa watu wenye ulemavu, na "tulimkinga tu" si ridhaa. Ni swali ambalo wazazi wengi huona haya kuliuliza, nami nadhani ndilo linalofaa kuulizwa mapema zaidi.

Fedha zake, ikiwemo ruzuku ya serikali ya Inua Jamii kama anaipokea, ziwe na daftari na risiti. Picha zake zisitumiwe kuwavutia wafadhili bila ridhaa iliyoelezwa kwa lugha nyepesi; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu makao haya pia.

Unapolalamika, andika barua yenye tarehe, eleza ulichokiona mwenyewe na ukitenge na ulichosikia, taja siku unayotarajia jibu, kisha ubaki na nakala. Usipojibiwa, peleka barua hiyo kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu au Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kufungua kesi ya haki kwa niaba ya asiyeweza kujitetea, bila kulipa ada ya kuifungua.

Utaratibu huo wa barua hauhusu kipigo wala ubakaji. Hapo usianze na msimamizi. Mpeleke ndugu yako hospitali kabla hajaoga, ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ziweze kufaa, hifadhi nguo zake katika mfuko wa karatasi, piga ripoti polisi na uombe fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Namba ya bure ya 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia. Ndugu yako akiambiwa kwamba hawezi kutoa ushahidi, mkumbushe afisa kuwa kifungu cha 50(7) cha Katiba kinairuhusu mahakama kumpa mtu wa kumsaidia kuwasiliana nayo.

Baada ya lalamiko lolote, ongeza ziara kwa wiki kadhaa, kwa sababu kisasi humwangukia mkazi, wala si wewe uliyeandika barua. Angalia kama amehamishwa chumba, amenyimwa matembezi au amepunguziwa chakula, na kila badiliko uliandike siku hiyo hiyo pamoja na sababu uliyopewa na jina la aliyeitoa.